Uji wa Mtani

Mwanangu Zena,

Salamu siandiki, maana bado uko nyumbani. Nakusikia uani na mama yako mnabishana juu ya sanduku: yeye anatia, wewe unatoa. Jua halijazama. Nimefunga cherehani mapema leo, nimekaa barazani, karatasi nimeiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kila anayepita ananiuliza, "Fundi, leo unashona nini hicho?" Nawajibu nashona barua. Wanacheka, wanakwenda zao.

Barua hii utaikuta katika mfuko wa ndani wa koti nililokushonea. Mama yako hajui kama koti lina mfuko huo. Kesho nitakunong'oneza uuguse tu kwa vidole, usiufungue stesheni hapa mbele za watu. Ungoje mpaka mfike Tura, treni ikisimama kunywa maji, hapo ndipo uisome. Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kutokula ovyo njiani, mama yako amekwisha kuyasema, na atayasema tena kesho mpaka treni iondoke. Mimi siyarudii.

Mimi nina neno moja. Juma lililopita, nilipokuwa nakata kitambaa, ulisimama mlangoni ukasema, "Baba, mimi kwa huyo mzee siendi. Siwezi kupokewa na mtu ambaye wewe husemi naye." Nikanyamaza, nikaendelea na mkasi. Wewe ukaona kunyamaza kwangu ni kukubali, ukaenda zako umeridhika. Sikukubali, mwanangu. Nilikosa la kusema tu. Basi kesho kutwa, treni ikifika Dar es Salaam, mtu huyo atakuwa pale stesheni anakungoja. Anaitwa Kasanda. Naogopa utajifunika khanga usoni umpite kama humjui. Ukimpita, nitakuwa nimempoteza mara ya pili, na kwa umri wetu huu hakuna mara ya tatu. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nikueleze tulivyokuwa.

Unapajua pale nyuma ya mabanda ya stesheni, penye kile kichuguu kikubwa unachokipita ukienda kisimani. Pale palikuwa na uwanja wa tenisi. Usicheke. Kabla ya vita, wewe hujazaliwa, wafanyakazi wa reli waliwaona Wazungu wakicheza kwenye uwanja wao, wakasema, hata sisi tunaweza. Saruji hatukuwa nayo. Wakaitwa akina mama wa mjini, mama yako akiwemo, wakabomoa vichuguu, wakachekecha udongo, wakaumwagia maji, wakaupigapiga kwa vibao huku wanaimba, kama wanavyopiga sakafu ya nyumba mpya. Ukakauka, ukawa mgumu, ukang'aa. Mistari tulichora kwa chokaa. Wavu ulikuwa wa kuvulia samaki, uliletwa kwa treni kutoka Kigoma, na mvua ikinyesha ulinuka dagaa uwanja mzima. Mimi niliingia pale kwa sababu ya kaptura. Wachezaji walitaka kaptura nyeupe, nikawashonea, nikaenda kuona kama zinawakaa vizuri, na sikutoka tena.

Kasanda alikuwa mpakiaji wa mizigo pale stesheni. Mnyamwezi wa Kwihara, mrefu, akiingia mlangoni anainama kwanza ndipo anabisha hodi. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe begani kutoka huku mpaka pwani. Babu yangu mzaa baba naye alikuwa katika msafara huo huo, alibeba marobota ya nguo. Wakaugua pamoja njiani, wakazikiana ndugu, wakawa watani. Utani huo ukashuka kwa baba zetu, ukashuka kwetu. Kwa hiyo mimi na Kasanda tulikutana tukiwa watani tayari. Siku ya kwanza aliniangalia kutoka kule juu akasema, "Huyu ndiye mjukuu wa yule aliyebeba vitambaa? Naona mzigo ulimkandamiza mpaka wajukuu." Nikamwambia, "Na wewe babu yako alipewa pembe moja tu, maana akili ya kubeba mbili hakuwa nayo." Wallahi, tulicheka mpaka tukakaa chini.

Sasa mchezo wetu. Katika tenisi, mwanangu, kila pointi mmoja anaanza. Anatupa mpira juu, anaupiga ukiwa hewani, mwenzake anangoja upande wa pili. Mtu mrefu mwenye bega zuri, mpigo ule wa kuanza ndiyo mali yake. Na Kasanda alikuwa na bega. Aliutupa mpira juu, juu kabisa, na kwa muda kidogo kila kitu kilisimama. Mpira uko kule umeganda kwenye jua la alasiri, vumbi jekundu halishuki, watu hawapumui, hata injini pale stesheni utadhani imeacha kuhema. Halafu mkono unapanda. Usikiapo kishindo, mpira umekwisha kupita. Watu walimwita Radi.

Mimi nilikuwa mfupi, na mpigo wangu wa kuanza ulikuwa wa kuombea dua. Lakini miguu nilikuwa nayo. Mpira wo wote unaorudi, mimi nitaufikia, nitaurudisha, tena na tena, mpaka mwenzangu achoke au akasirike. Watu wakaniita Kiraka, kwa kuwa kila tundu naliziba. Wengine hawakupenda mchezo wangu. Walisema hauna raha, ni sawa na kumwangalia fundi akishona.

Na uwanja wenyewe ulikuwa na majira. Kiangazi, udongo ukikauka kama chungu, mpira wa Kasanda ulidunda ukanipita kichwani, nikabaki naurukia kama mtu anayefukuza nyuki. Masika, udongo ukilainika, mpira ule ule ulidunda ukazama, ukanijia taratibu magotini, nami namrudishia huku na kule mpaka anaomba maji. Kiangazi chake, masika yangu. Miaka ikapita hivyo, na hakuna aliyeona vibaya.

Jambo moja zaidi, ulishike. Kasanda hakupiga kamwe kabla sijawa tayari. Kila mara, kabla ya kuutupa mpira, aliinua mkono wake wa kulia na raketi juu kabisa, akangoja. Mimi nikiinua wangu, ndipo anaanza. Nisipoinua, atasimama pale hata jua lizame. Refa alimgombeza, "Kasanda, piga!" Yeye alijibu, "Mtani wangu hajasema."

Nikiuota uwanja ule, na ninauota mara nyingi, sioti kushinda wala kushindwa. Naota mpira umetupwa juu na haushuki. Mimi nimeinua uso nangoja, nangoja, mwanga unanijaa machoni, na sina haraka. Mama yako huniamsha akiniuliza nacheka nini.

Basi mwaka ule ikaja habari. Bwana mkubwa wa stesheni alisema mchezaji bora wa Tabora atapandishwa treni aende Dar es Salaam kucheza na watu wa pwani. Mmoja tu. Mechi itakuwa ya mimi na Kasanda, na itakuwa kiangazi.

Hapo ndipo akili ziliponiruka. Mimi sikuwahi kuiona bahari, mwanangu, wala sijaiona mpaka leo. Nikaitaka ile treni mpaka usingizi ukanipotea. Nikajiambia, kiangazi ni chake, kwa viraka vyangu simpati, lazima nipige kama yeye. Masika nzima nikaenda nyuma ya nyumba, pale penye mpapai, nikafunga kitambaa chekundu juu kwenye shina, nikawa natupa mpira na kurukia kitambaa. Mama yako alikuwa na mimba yako. Alikaa kwenye kibao chake akichambua mchele, akanitazama siku nyingi. Siku moja akasema, "Baba mtarajiwa, mwiga tembo hupasuka msamba." Nikamjibu vibaya. Sitaandika nilivyomjibu.

Na mwenzangu, je? Lo! Kumbe kule Kwihara naye amepatwa na wazimu huo huo. Amekaa akawaza, huyu Kiraka ananichosha kwa kurudisha, nami nijifunze kurudisha. Kila jioni akawa anapiga mpira kwenye ukuta wa tembe la mkwewe, taratibu, taratibu, mpaka udongo ukabanduka na bibi mwenye nyumba akatoka na mwiko. Sikujua. Wala yeye hakujua habari za mpapai wangu.

Sasa nikwambie desturi ya watazamaji wetu, maana bila hiyo hutaelewa. Watu wa huku tenisi hawakuiangalia Kizungu, kwa kukaa kimya na kupiga makofi kidogo. Waliiangalia kama ngoma za mashindano. Unajua zile ngoma mbili zinavyopigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Basi na uwanjani kwetu ilikuwa hivyo. Wangu walisimama nyuma yangu, wa Kasanda nyuma yake, na mchezo ukigeuka watu walihama. Refa ahesabu anavyotaka, sisi tuliangalia watu wamesimama wapi.

Siku ilipofika, Tabora nzima ilikuwa pale. Tukaanza. Kasanda akatupa mpira kidogo, akaupiga kidogo, akaanza kunirudishia kwa subira kama bibi anayekamua limau. Mimi nikarusha juu, nikajinyoosha, nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikatia wavuni. Tena, wavuni. Tena, ukapita juu ya mabanda. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, Radi ni yupi hapa?" Wakaanza kuondoka nyuma yangu, wakaondoka na nyuma ya Kasanda, wakakusanyika katikati penye wavu, hawajui pa kusimama. Halafu kicheko. Kicheko hicho kilianza kwa mmoja, kikawala wote.

Kasanda akakisikia, akanitazama, akaelewa. Naye akacheka mpaka akashika magoti. Akanipigia kelele, "Mtani! Kumbe na wewe?" Kisha akarudi mstarini, akautupa mpira juu kabisa, akapiga mpigo wake mwenyewe. Kishindo! Watu wakamkimbilia nyuma yake wanashangilia. Yeye alijivua ule ujinga mara moja, kama shati la kuazima.

Mimi ningeweza kurudi kwangu vile vile. Miguu nilikuwa nayo. Sikurudi. Niliona haya, na haya yangu ikawa hasira, nikasema nitaupiga huu mpigo hata nife. Nikautupa mpira juu kuliko siku zote, nikauendea, na begani nikasikia kitu kimechanika. Kuchanika nakujua, mwanangu, ni kazi yangu, na nilijua huko hakuna sindano itakayofika. Sikulia. Sikumwambia mtu. Nikauacha mkono uning'inie, nikaenda kungoja upande wangu.

Ikawa zamu ya Kasanda kuanza. Akainua raketi, akangoja. Nikajaribu kuinua mkono. Ulifika kifuani, ukagoma. Nikajaribu tena. Yeye akanitazama kutoka kule, kicheko kikamtoka usoni, akajua. Hakuna mwingine aliyejua ila yeye. Angeweza kupiga, akanimaliza, akapanda treni. Au angesimamisha mchezo akasema mbele ya watu, huyu ameumia, nikaaibika zaidi. Hakufanya hivyo wala hivyo. Alisogea karibu na mstari, akaushusha mpira, akausukuma kutoka chini, polepole, ukaja unadunda kama mtoto anayejifunza kutembea, ukasimama miguuni pangu. Akasema kwa sauti ya utani, "Pokea uji, mtani wangu, nimeshakupozea."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mimi sikuona huruma iliyofichwa ndani ya mzaha ule. Nikaona mzaha tu. Ningekuwa na akili, ningemjibu, "Uji hauna sukari, lete mwingine," tukacheka wote, tukamaliza, akaenda zake pwani na mimi nikaenda kutafuta dawa ya bega. Badala yake nikaitupa raketi chini, nikatoka uwanjani. Akanifuata mbio. "Mtani, umenuna?" Ananishika, anacheka bado, hajaamini. Maana mtani hanuniwi, Zena. Hilo halifanyiki. Mtani atakutukana msibani, atalala kaburini mwa baba yako akukatalie kuzika, na hununi. Nikamwambia, mbele ya watu wote, "Utani wetu umekwisha leo."

Babu zetu waliupata utani ule kwa homa na kwa njaa njiani, na mimi niliumaliza kwa sababu ya mpira.

Nikageuka nione nani yuko nyuma yangu. Hakuna mtu. Wote walikuwa upande wake. Amebaki mama yako peke yake, amekaa kwenye mkeka, tumbo mbele. Baadaye nilimwambia, mke wangu, wewe ndiye uliyebaki na mimi. Akasema, "Nibaki na wewe nini! Nilikuwa nimeshindwa kuinuka." Unamjua mama yako. Lakini mimi nahesabu kuwa siku ile nyuma yangu mlikuwa wawili.

Kasanda alipanda treni, akakaa huko huko, akapata kazi bandarini. Kila magadi, wale wasimamizi wa treni, walipofika Tabora, walinipitia barazani: "Kasanda anauliza, uji umeshapoa?" Miaka na miaka. Mimi nilikuwa nainamia cherehani, nakanyaga kwa nguvu nisisikie. Halafu baba yangu akafa. Ulikuwa mdogo, utakumbuka watu wengi tu. Mimi nakumbuka kilichokosekana. Hapakuwa na mtani wa kutuibia maiti, hapakuwa na wa kulala kaburini, hapakuwa na wa kuniiga ninavyolia. Tulizika kwa huzuni tupu. Huzuni tupu ni nzito, mwanangu, haina pa kushikia. Magadi nao wakaacha kuleta salamu.

Mwezi uliopita, mama yako, bila kuniuliza, alikwenda stesheni akampa gadi maneno: Zena anakuja kusomea uuguzi. Jibu likarudi kwa gadi huyo huyo: "Mwambieni Kiraka mwanawe ni wangu. Nitakuwa stesheni. Na mwulizeni, bado mfupi?" Nilimgombeza mama yako mpaka majirani wakatokeza. Kisha nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikalia kwa furaha. Sasa unajua.

Juzi alasiri nilikwenda peke yangu pale uwanjani. Wavu hakuna. Chokaa hakuna. Mchwa wamerudi kuuchukua udongo wao, wamejijengea kichuguu pale pale Kasanda alipokuwa anasimama kuanza, na kimekuwa kirefu kama yeye. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Upepo ulikuwa umelala, jua limegeuka asali, na nilimwona, wallahi nilimwona, ameinua mkono ananingoja.

Niliporudi, nikakukuta uani unajifunza kutembea. Ulidhani hakuna anayekuona. Ulikuwa unamwiga binti wa karani aliyerudi kutoka Dar es Salaam, yule anayetupa kiuno na kuvuta maneno puani. Nilitaka kucheka, nikashika bega langu. Sikukemei. Wewe una hatua ndefu za mama yako, na mimi nazipenda sana. Ni hivyo tu.

Mama yako ananiita nije nifunge kamba ya sanduku. Namalizia.

Kesho kutwa, ukishuka, stesheni ile itakuwa na watu wengi kuliko ulivyowahi kuona. Usihangaike kumtafuta. Tazama juu ya vichwa. Utaona mtu mrefu, mvi kichwani, ameinua mkono wa kulia juu kabisa, amesimama hatikisiki. Hataita jina lako, wala hatakukimbilia. Atangoja. Ndivyo alivyo, hafanyi lo lote mpaka upande wa pili useme.

Mkono wangu haufiki kule juu, Zena, hata kama ningefika Dar es Salaam. Wako unafika. Weka sanduku chini, umwinulie.

Baba yako,
Kiraka